Mwanangu ana selimundu na shuleni wanasema ni mvivu: je, programu ya kurudisha akili itamsaidia?

"Mwanangu wa kike ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Ana selimundu, tulijua akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hajawahi kupooza wala kupata degedege. Anameza foliki asidi. Haidroksiyurea tuliandikiwa, ila baba yake aliposikia ni dawa ya saratani akakataa. Darasa la kwanza na la pili alikuwa anasoma vizuri kuliko wenzake. Mwaka huu amebadilika. Ukimtuma vitu viwili analeta kimoja. Wenzake wakimaliza kunakili ubaoni yeye yuko mstari wa tatu. Mwalimu anasema ni mvivu na mimi namdekeza kwa sababu ya ugonjwa. Ameshachapwa mara mbili. Kuna kijana ameniletea programu ya michezo ya ubongo ya kwenye tableti, shilingi laki nne na nusu, anasema inarudisha akili ndani ya miezi mitatu. Niko tayari kuuza mbuzi. Je, ubongo wa mwanangu umeharibika? Hiyo programu inasaidia kweli? Tunaishi Geita, kliniki tunahudhuria Mwanza."

Mama, mbuzi wasiuzwe kwanza. Nitakueleza sababu, na nitakueleza pia hela hiyo, kama itapatikana, ingefaa ianzie wapi.

Umeuliza mambo mawili, lakini nahisi lipo la tatu ambalo hukuliandika: je, ningempa ile dawa tangu mwanzo, haya yangetokea? Hilo nakuomba ulitue. Hakuna daktari anayeweza kulijibu kwa mtoto mmoja mmoja, na kulibeba hakumsaidii binti yako. Kilicho mbele yetu ni kwamba umeona mabadiliko, umeyaeleza kwa usahihi kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea, na mtoto ana miaka 9 tu. Muda upo.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na watoto wenye selimundu ndio ninaoshinda nao siku nyingi za wiki. Ngoja nikusimulie jambo ninalolifanya karibu na kila mtoto anayeletwa kwangu kwa jina la uvivu. Namwambia: "Chukua kalamu nyekundu, iweke chini ya kikombe, halafu niletee kile kitabu." Msichana mmoja, umri kama wa binti yako, alichukua kalamu nyekundu upesi kabisa, akasimama nayo katikati ya chumba, akanitazama. Hakuwa mkaidi. Machozi yalikuwa yanamlenga. Sehemu ya pili ya maneno yangu ilikuwa imeshadondoka. Nikampa vizibo vitatu vya soda, tukavipanga mezani, kila kizibo tukakipa jina: kalamu, kikombe, kitabu. Akawa anasogeza kizibo kimoja kila anapomaliza hatua. Mara hii alifanya yote matatu bila kukosea. Akili yake haikuongezeka ndani ya dakika tano. Alipewa mahali pa kushikia. Nakuomba ukumbuke vizibo hivyo, maana sehemu kubwa ya tiba unayoitafuta inafanana navyo.

Sasa tuje kwenye ubongo wenyewe. Selimundu wengi tunaijua kwa maumivu ya mifupa, macho ya manjano na kuishiwa damu. Ubongo hausemwi sana kwa sababu wenyewe hauumi. Lakini ubongo wa mtoto ni mlaji mkubwa wa hewa safi inayobebwa na damu, na mtoto mwenye SS, yaani aliyerithi selimundu kwa wazazi wote wawili, mara nyingi anaishi na haemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita, wakati mwenzake wa umri huo anatakiwa awe na 11.5 kwenda juu. Ili kufidia, mwili unapanua mishipa ya kichwa na kuikimbiza damu kwa kasi.

Fikiria mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yakiwa mengi, kila mtu anapata. Yakipungua, mashamba ya juu bado yanapata, ila lile la mwisho wa mfereji linaanza kunyauka, na mwenye shamba la juu hata hana habari. Ndani ya kichwa yapo maeneo ya mwisho wa mfereji, yaliyo kwenye mpaka kati ya mshipa mmoja mkubwa na mwingine, hasa sehemu za mbele, ndani chini ya paji la uso. Homa ikipanda, damu ikishuka ghafla, au chembe za damu zilizojikunja kama mundu zikiziba kamshipa, maeneo hayo ndiyo yanayokosa kwanza. Kipande kidogo kinaweza kufa bila mkono kulegea wala mdomo kupinda. Tunakiita kiharusi cha kimya. Katika tafiti za Marekani na Ulaya, zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye SS huwa wameshapata walau kimoja kabla ya kutimiza miaka 18. Na hata bila kovu lolote, upungufu wa damu wa muda mrefu peke yake unaweza kupunguza kasi ya kufikiri.

Sehemu hizo za mbele kazi yake ni nini? Kushika agizo kichwani huku unalitekeleza. Kukaa kwenye jambo moja bila kuchukuliwa na kelele za dirishani. Kupanga lipi lianze. Kufanya kwa kasi. Soma tena barua yako, mama: vitu viwili kimoja, ubaoni mstari wa tatu. Na ndiyo maana darasa la kwanza hakuonekana kuwa na shida. Kule kazi ni kutamka herufi na silabi, na hilo alikuwa nalo. Darasa la tatu linadai anakili, asikilize na afikirie kwa wakati mmoja. Inawezekana kabisa tatizo halikuanza mwaka huu, ila mwaka huu ndio limedaiwa.

Nimesema inawezekana, na neno hilo nimelichagua. Sitamwambia mzazi kwa barua kwamba ubongo wa mtoto wake umepata kiharusi, maana yapo mambo mengine yanayofanana nacho na mengi yanatibika kirahisi. Macho: selimundu inaweza kuharibu mishipa ya jicho, na hata mtoto asiye na ugonjwa wowote ananakili polepole kama ubao hauoni. Masikio: kupungua kusikia ni kwa kawaida zaidi kwa watoto hawa, na asiyesikia vizuri utamtuma viwili alete kimoja. Usingizi: je, anakoroma? Analala mdomo wazi, anashtuka usiku? Wengi wana mafindofindo makubwa yanayowakosesha hewa usiku kucha, na asubuhi wanakwenda shule wamechoka. Kisha nenda kwa mwalimu ukaombe daftari la mahudhurio, uhesabu siku alizokosa tangu Januari. Kuna mama mmoja alihesabu hivyo akakuta 41, na yeye mwenyewe alidhani hazifiki 20. Mtoto wa namna hiyo amekosa masomo yenyewe, na hakuna zoezi la ubongo litakalomfundisha kugawanya kwa njia ndefu kama siku ilipofundishwa alikuwa wodini. Mwisho, huzuni. Aliyechapwa mbele ya wenzake kwa jambo asiloliweza, anaanza kuogopa daftari lenyewe.

Kabla ya tiba yoyote ya kufikiri, tuulinde ubongo uliopo. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona familia zikihangaika na mazoezi mwaka mzima huku mtoto yuko hatarini kupata kiharusi kikubwa. Bila kinga yoyote, takribani watoto 11 kati ya 100 wenye SS hupata kiharusi cha kuonekana kabla ya miaka 20. Kinga ipo. Kuna kipimo kinachoitwa TCD, aina ya ultrasaundi inayowekwa pembeni mwa kichwa na kupima kasi ya damu kwenye mishipa mikubwa ya ubongo. Hakichomi, hakina mionzi, na mtoto anabaki macho. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kuwaongezea damu kila mwezi watoto wenye kasi hiyo kunapunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Mwenye SS anapaswa kupimwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Ninyi mnahudhuria Mwanza, na hospitali ya Bugando wameifanya kazi hii: watoto waliokutwa na kasi ya juu walipewa haidroksiyurea na kasi ikashuka. Ulizeni TCD kwa jina lake.

Na baba yake nizungumze naye kwa heshima, kwa kuwa hofu yake ni ya mzazi anayejali. Ni kweli, baba, haidroksiyurea hutumika pia kwenye baadhi ya saratani za damu. Kwa selimundu inatolewa kwa dozi iliyopangwa kwa uzito wa mtoto, na kazi yake ni kuuamsha mwili utengeneze zaidi ile haemoglobini ya utotoni isiyojikunja. Watoto zaidi ya 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda waliipata katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria ilishuka karibu nusu. Masharti yake ni kupima damu mara kwa mara kama kliniki itakavyopanga, kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe. Anayeitumia bila kupimwa anakosea, na anayeiacha kwa kuogopa jina anamnyima mtoto kinga. Mwombe daktari wa kliniki mkae wote watatu.

MRI, mashine inayopiga picha ya ndani ya ubongo, ndiyo inayoonyesha makovu ya kiharusi cha kimya, na kwa mtoto aliyeanza kushuka darasani ni haki kuiomba. Likionekana kovu, daktari atakuwa na sababu ya kuzungumza nanyi juu ya kuongezewa damu kwa ratiba. Ni ghali, haipo kila hospitali, na nisingependa mkwame hapo. Mpango wa kumsaidia kujifunza unaanza hata bila picha hiyo.

Sasa programu ya tableti. Huyo kijana hajabuni kitu hewani. Tiba ya aina hiyo ipo na imejaribiwa karibu nasi. Kampala, watafiti waliwapa mazoezi ya kompyuta watoto waliopona malaria ya ubongo, na baadaye watoto wanaoishi na virusi vya ukimwi. Watoto hao walipata vipindi vya dakika 45 hivi, mara kadhaa kwa wiki kwa wiki kadhaa, na mtu aliyefundishwa alikaa karibu nao. Walipata nafuu kwenye umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, hasa katika majaribio yanayofanana na ile michezo. Lakini kwenye kusoma, kuandika herufi sawasawa na kufanya hesabu, faida haikujitokeza waziwazi. Kwa watoto wenye selimundu huko Marekani hali imekuwa hiyo hiyo, na shida ya ziada ni kwamba wengi hawamalizi vipindi: leo maumivu, kesho kliniki, keshokutwa wodi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mchezo wa ubongo unamfanya mtoto awe hodari wa mchezo huo, na mara nyingine wa mambo jirani. Haurudishi akili, maana akili ya binti yako haijaondoka. Anayeahidi miezi mitatu anasema asichokijua. Mkipata kuazimwa bure, na mtoto akaupenda, acheze nusu saa kwa siku, hauna madhara. Kwa laki nne na nusu, hapana. Hela hiyo ianze na nauli ya kwenda kwenye TCD, vipimo vya damu na kupima macho na masikio, kisha mwalimu wa jioni wa kufidia masomo aliyokosa. Vidonge vinavyouzwa kwa jina la kuongeza akili navyo viacheni dukani.

Tiba ya kweli ya kurejesha uwezo wa kufikiri huanza na upimaji. Mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku) anakaa na mtoto saa mbili au tatu, mara nyingi kwa siku mbili, siku ambazo hana maumivu wala homa. Atamwambia arudie namba nyumanyuma, apange vipande vifanane na picha, akumbuke hadithi baada ya nusu saa. Majaribio mengi tunayotumia yalitungwa kwa watoto wa nchi nyingine, kwa hiyo mkipewa alama msiichukue kama hukumu. Thamani yake ni kuonyesha wapi ana nguvu na wapi panavuja, na kumlinganisha na yeye mwenyewe mwaka ujao. Katika hospitali za rufaa ulizia kitengo cha saikolojia au cha tiba kazi. Wataalamu wa tiba kazi ni wachache nchini, wengi wamesomea hospitali ya KCMC, Moshi, ila wapo.

Baada ya hapo kazi inahamia nyumbani, na hapa ninazungumza kwa uhakika zaidi kuliko kwenye tableti. Wilayani Kayunga, Uganda, walezi wa watoto wadogo wenye virusi vya ukimwi walifundishwa kwa mwaka mzima namna ya kuzungumza na mtoto katika shughuli za kila siku: kumwelekeza aangalie, kumtajia kitu na maana yake, kukipanua, kumsifu kwa alichokifanya hasa. Hakukuwa na kifaa chochote. Watoto walisonga mbele kifikra kuliko wale ambao walezi wao walifundishwa afya na lishe peke yake.

Kwako iwe hivi. Agizo moja kwa wakati, tena ukiwa umemtazama usoni, naye alirudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Akizoea kwa wiki mbili, yawe mawili, na vizibo vyake mkononi. Ukutani karibu na mlango bandikeni karatasi yenye michoro ya mambo ya asubuhi kwa mpangilio: mswaki, dawa, uji, chupa ya maji, daftari. Achore mwenyewe. Asisome saa nzima mfululizo. Asome dakika 15, anywe maji, apumzike kidogo, arudi. Alichosoma asikisome tena na tena, bali afunge daftari akwambie. Muulize jioni hiyo, umuulize kesho asubuhi wakati unasonga ugali, umuulize Jumamosi. Kumbukumbu inayovutwa mara nyingi inashika kuliko inayomwagiwa mara moja.

Na hadithi, mama. Paukwa, pakawa, kisha ikiisha yeye ndiye asimulie: nani alianza, kikafuata nini, ikaishaje. Kwanza atakosea mpangilio. Mpe vizibo tena. Bao na mdako vina kazi hiyo hiyo ya kuhesabu, kusubiri zamu na kukumbuka, na havihitaji chaji. Faida yake kwa masomo siwezi kukuapia, lakini mtoto aliyekuwa analia mbele ya daftari akikufunga kwenye bao mara mbili, utamwona anavyorudi darasani.

Shuleni usiende peke yako na maneno. Mwombe daktari barua fupi isemayo kwamba mtoto ana ugonjwa unaoathiri damu ya ubongo, kwamba polepole yake ni ya kiafya, na kwamba asiadhibiwe kwayo. Kaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa pamoja. Waombe akae mbele, anakili nusu ya kazi na nusu apewe iliyoandikwa, aongezewe muda kwenye majaribio, awe na chupa ya maji na ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mara tatu, maana figo za watoto hawa zinapitisha mkojo mwingi. Kwa mitihani ya kitaifa, muda wa ziada kwa wenye mahitaji maalumu upo, ila shule lazima iombe mapema, kwa hiyo barua hiyo ianze kukaa kwenye faili lake sasa. Wasomaji wa Kenya, vituo vya EARC (vya tathmini ya elimu kwa watoto wenye mahitaji maalumu) vinapima watoto na kushauri shule.

Kuhusu viboko sitapunguza ukali wa maneno. Kumchapa mtoto kwa kuwa damu haifiki vizuri kwenye sehemu ya ubongo wake ni sawa na kumchapa kilema kwa kutokukimbia. Mwalimu wake pengine hajui, wengi hawajawahi kuambiwa. Mwambie kwa upole mara ya kwanza, na barua mkononi. Ikirudiwa, nenda kwa afisa elimu kata.

Lipo jambo moja ambalo halingoji kliniki wala barua kama hii. Siku ukiona mdomo wake umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, maneno hayatoki au hayaeleweki, kichwa kinamuuma ghafla kuliko alivyowahi kusema, haoni vizuri ghafla, amepata degedege au amechanganyikiwa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata ikipita yenyewe baada ya dakika kumi. Usimngoje baba arudi, usimpeleke kwanza kuombewa. Maombi yanaweza kuendelea ndani ya gari. Waambie mapokezi maneno haya: ana selimundu na ninahofia kiharusi.

Kwa sasa chukua daftari la kliniki, kwenye ukurasa wa nyuma uandike yale uliyoniandikia mimi: vitu viwili kimoja, mstari wa tatu, siku alizokosa, kama anakoroma. Chini yake andika TCD, haidroksiyurea, macho, masikio, saikolojia. Tarehe ya kliniki ikifika, mpe daktari ukurasa huo kabla hajaanza kuuliza, na baba yake awe amekaa pembeni yako.